Kusaidiwa Si Kupendelewa: Wazee, Wagonjwa na Mtihani wa Uraia wa Marekani

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hii ndiyo ngao ya wanaoamini kwamba mtihani wa uraia wa Marekani haupaswi kulegezwa kwa mtu yeyote. Hoja yao husikika kwa Wamarekani wenyewe, na husikika pia kwa Kiswahili, miongoni mwa Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kabla ya kupokelewa katika miji ya nchi hiyo. Wanasema hivi: uraia ni heshima kubwa, mtihani wake si mgumu, maswali yote yamechapishwa pamoja na majibu, na watu wengi waliofika bila neno moja la Kiingereza wameufaulu baada ya kujinyima usingizi. Kwa hiyo anayeomba aongezewe muda, aruhusiwe mkalimani au asamehewe sehemu ya mtihani anatafuta kupita mlango wa uani, na akikubaliwa, waliojituma wameonewa. Hoja hii ina mvuto kwa sababu imejengwa juu ya kitu tunachokiheshimu sote, yaani jitihada. Lakini msingi wake una kasoro. Inachukulia kwamba mtihani huwa wa haki pale kila mtu anapoufanya kwa namna ile ile, ilhali haki ya mtihani ni kupima kwa kila mtu kile ulichowekwa kupima. Ukipima mkono uliopooza au kumbukumbu iliyoharibiwa na kiharusi, kisha ukaandika kwamba umepima ufahamu wa katiba, umeandika uongo na kuugongea muhuri wa serikali.

Ubishi mwingi juu ya jambo hili hutokana na kuchanganya misaada ya aina tofauti, kwa hiyo tuanze kwa kuitenganisha. Mtihani wenyewe hufanyika ana kwa ana mbele ya afisa wa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Mwombaji huhojiwa kwa Kiingereza juu ya fomu yake ya maombi, N-400; husoma kwa sauti sentensi moja kati ya tatu; huandika sentensi moja kati ya tatu anazotajiwa; kisha huulizwa kwa mdomo maswali ya historia na mfumo wa serikali. Kwa walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, maswali hayo ni 20 kutoka orodha ya 128, na lazima apate 12. Kwa waliotangulia, chini ya mtihani wa 2008, yalikuwa 10 kutoka orodha ya 100, na sita yalitosha. Msaada wa kwanza unahusu namna ya kuufanya mtihani huo. Unatokana na kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 inayokataza taasisi za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Kiziwi huletewa mkalimani wa lugha ya alama, asiyeona hupewa nukta nundu, mwenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa, anayechoka haraka hupewa mapumziko au muda zaidi, na asiyeweza kutoka kitandani afisa anaweza kumfuata aliko. Hapo hakuna swali hata moja lililopunguzwa.

Msaada wa pili ni wa umri. Mwenye miaka 50 aliyeishi na kadi ya ukaazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyeishi nayo miaka 15, husamehewa Kiingereza, lakini bado huulizwa historia na serikali kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 aliyeishi na kadi hiyo miaka 20 hupewa pia orodha fupi ya maswali 20, akaulizwa 10 na kutakiwa kupata sita. Msaada wa tatu ndio unaozua kelele zaidi. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994, mtu ambaye ulemavu wa mwili, wa makuzi au wa akili unamzuia kujifunza Kiingereza au historia anaweza kusamehewe sharti hilo, au yote mawili. Daktari wa tiba au mwanasaikolojia wa tiba hujaza Fomu N-648 akieleza ugonjwa ni upi, kwamba umedumu au utadumu miezi 12 au zaidi, na jinsi ugonjwa huo hasa unavyomzuia mtu huyu kujifunza.

Watu wengi wenye busara hukubali msaada wa kwanza, hunung'unikia wa pili na kuukataa wa tatu. Wanasema kumletea kiziwi mkalimani ni kumpima, lakini kumsamehe mgonjwa ni kuacha kupima. Ni kweli kwamba msamaha si kipimo. Swali ni kama sheria inataka kumpima mtu huyo. Sharti la kusoma na kuandika Kiingereza na lile la kujua historia yaliingizwa mwaka 1950, na katika sentensi ile ile iliyoingiza la Kiingereza, Bunge liliwaweka kando wasioweza kulitimiza kwa sababu za kimwili, pamoja na wazee waliokuwa wameishi nchini miaka mingi. Marekebisho ya 1994 yalilipeleka wazo hilohilo kwenye sharti la historia, na pia kwenye magonjwa ya akili na ulemavu wa makuzi, ambayo sheria ya zamani ilikuwa imeyaruka kana kwamba ubongo si sehemu ya mwili. Kwa hiyo sharti halisemi kwamba kila raia mpya lazima ajue mambo haya. Linasema kwamba anayeweza kujifunza ajifunze. Mwenye uwezo akikwepa kusoma amelivunja sharti. Mgonjwa wa usahaulifu wa uzeeni asipoweza kutaja jina la rais wa kwanza hajavunja chochote, kwa sababu hayumo ndani ya sharti hilo. Hata methali ya uvunguni, ukiitazama vizuri, humdai kuinama mtu mwenye mgongo unaokunjika.

Sheria nyingine za uraia za Marekani zinathibitisha kwamba ujuzi si roho ya uraia. Kwa sheria ya 2000, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi ya ukaazi, anayeishi na mzazi wake anayemlea, huwa raia papo hapo mzazi huyo anapokula kiapo. Mtoto wa miaka miwili huingia uraiani bila kujua hata jina la mji wake. Mwaka huohuo wa 2000, Bunge liliruhusu mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kuelewa kiapo cha utii asamehewe kiapo chenyewe. Wakazi wa Puerto Rico walifanywa raia mwaka 1917 na wameendelea kusema Kihispania hadi leo. Wanaodai kwamba msamaha wa mama mgonjwa unashusha thamani ya uraia inabidi waeleze kwa nini thamani hiyo haikushushwa na mtoto mchanga wala na kisiwa kizima. Maelezo yaliyopo ni kwamba uraia ni uhusiano kati ya mtu na nchi inayomlinda na kumdai. Mtihani ni njia mojawapo ya kumwandaa mtu kwa uhusiano huo. Njia isipopitika kwa mtu fulani, uhusiano wenyewe hauna sababu ya kufa.

Wapo watakaojibu kwamba mtihani una maana ya pekee kwa mgeni, kwa sababu mzaliwa ameyanyonya mambo haya pamoja na maziwa ya mama. Ushahidi unakataa. Mwaka 2018 taasisi ya Woodrow Wilson National Fellowship Foundation iliwapa Wamarekani watu wazima wapatao 1,000 maswali yaliyotokana na mtihani wa uraia. Waliofaulu walikuwa asilimia 36 tu, na kwa walio chini ya miaka 45 walikuwa asilimia 19. Nao waliwekewa majibu ya kuchagua, ilhali mgeni anayehojiwa na afisa hujibu kwa mdomo bila kupewa chaguo lolote. Wageni wanaofanya mtihani huo hufaulu zaidi ya tisa katika kila kumi. Takwimu hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba mtihani hupima zaidi uwezo wa kukariri kwa ajili ya siku fulani, na kwamba wananchi wanaweza kuishi, kulipa kodi, kupiga kura na kuitumikia nchi bila kukumbuka yaliyomo. Hiyo si sababu ya kuufuta. Kukariri kuna faida yake, na anayeweza kuyajua mambo hayo amejipatia silaha ya kudai haki zake. Lakini ni sababu ya kutoupa mtihani huu utukufu usiokuwa nao, hasa tunapotaka kuutumia kumfungia mlango mgonjwa.

Historia ya nchi hiyo inatoa onyo jingine. Majimbo ya Kusini yaliyatumia majaribio ya kusoma na kuandika kuwanyima Wamarekani weusi kura kwa vizazi kadhaa, hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilipoanza kuyakomesha, nayo yakapigwa marufuku moja kwa moja nchini kote mwaka 1975. Watetezi wa majaribio hayo nao walisema kipimo ni kimoja kwa wote. Lakini mweusi aliyenyimwa shule alikuja kupimwa kwa kile alichonyimwa. Mtihani wa uraia wa leo haukutungwa kwa nia hiyo, na haifai kuusingizia. Hata hivyo unaweza kuleta matokeo yanayofanana na yale ukimkabili mwanamke wa Kivu ambaye vita vilimkuta kabla hajashika kalamu, kisha kambi ikamla miaka 15, ukamwambia kwamba yeye na mhandisi kutoka Nairobi wako sawa kwa kuwa wameulizwa swali lile lile.

Hapa ndipo wakosoaji wa misaada hukosea zaidi, kwa sababu hudhani imezidi. Ukiisoma kwa makini utaona imepunguka. Kutojua kusoma si sababu ya kusamehewa kwa Fomu N-648, na uzee peke yake vilevile hautoshi. Kinachobaki kwa mzee asiyesoma ni msamaha wa umri, nao haupimwi kwa umri tu bali kwa miaka ya ukaazi. Tuchukue hesabu ya mkimbizi anayefika akiwa na miaka 65. Muda wake wa ukaazi huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia, akiwa na 70. Lakini ili asamehewe Kiingereza lazima afikishe miaka 15 ya ukaazi, yaani awe na miaka 80, na orodha fupi ya maswali 20 itamfikia akiwa na 85. Wakati huohuo ruzuku ya serikali kuu kwa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato, SSI, hupewa mkimbizi kwa miaka saba tu, na hukatwa akiwa hajawa raia, isipokuwa kama amefanya kazi miaka ya kutosha kuondolewa kikomo hicho. Mzee wetu atafika 72, ruzuku ikatike, huku msamaha wa lugha ukimsubiri miaka minane mbele. Sheria inamtaka ajifunze lugha mpya, kwa maandishi, ndani ya miaka saba ya mwisho ya nguvu zake, au alishwe na watoto wanaobeba zamu mbili. Anayeiita hali hii upendeleo hajaipiga hesabu.

Nchi nyingine zinazotahini wageni zimechagua vingine. Kanada huwatahini walio kati ya miaka 18 na 54. Umri wa juu ulikuwa umepandishwa hadi 64, lakini mwaka 2017 Bunge likaurudisha. Mwenye miaka 55 haulizwi ameishi nchini miaka 15 au sita. Uingereza humsamehe mwenye miaka 65 mtihani wa maisha ya Uingereza na sharti la lugha, na humsamehe pia mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Hakuna anayeweza kuonyesha kwamba uraia wa Kanada umechakaa kwa sababu bibi wa miaka 60 aliupata bila kutaja mawaziri wakuu.

Pingamizi zito zaidi ni udanganyifu. Ni kweli kwamba wako madaktari waliofikishwa mahakamani Marekani kwa kuuza vyeti vya uongo, na kwamba wako waombaji wenye afya walionunua ugonjwa wa karatasi. Kila cheti cha namna hiyo ni dhuluma kwa wagonjwa wa kweli, maana humfanya afisa amtazame anayefuata kwa jicho la shaka. Lakini Fomu N-648 si tiketi. Daktari na mwombaji huitia saini wakijua kwamba kusema uongo ni kosa la jinai, na afisa ana mamlaka ya kuihoji, kuikataa au kutaka maoni ya daktari mwingine. Idara yenyewe imeyumba kati ya kukaza na kulegeza: fomu ilifupishwa mwaka 2022, kisha mwaka 2025 masharti ya kuichunguza yakakazwa tena. Udanganyifu hukomeshwa kwa kumfuata daktari mlaghai. Ukikomeshwa kwa kuifanya fomu isiwezekane, mlaghai hubaki na ujuzi wake wa kuijaza na anayeumia ni mkweli. Sababu inayojulikana sana ya fomu kukataliwa ni kwamba daktari alitaja ugonjwa akasahau kueleza jinsi unavyozuia kujifunza. Mama mwenye kiwewe cha vita, asiyelala na asiyeshika alichofundishwa jana, anaweza kushindwa kwa sababu ya aya moja iliyoandikwa kwa haraka katika kliniki iliyojaa watu.

Pingamizi la pili linahusu umoja wa taifa. Lugha moja, wanasema, huwaunganisha watu waliotoka kila pembe, na msamaha wa Kiingereza hujenga vijiji vya wageni wasiozungumza na jirani. Wasomaji wa Kiswahili hawana sababu ya kuidharau hoja hii, kwa kuwa tunajua lugha ya pamoja ilivyoijenga Tanzania. Sheria ya uraia ya nchi hiyo humtaka mwombaji awe anajua Kiswahili au Kiingereza, na ile ya Kenya ya 2011 humtaka aweze kuwasiliana kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji. Lakini Kiswahili kilienea kwa masoko, shule, jeshi na redio, wala hakikuhitaji kumfukuza kikongwe aliyesema Kiha peke yake. Na wanaosamehewa Kiingereza Marekani ni wazee na wagonjwa, ambao watoto na wajukuu wao mara nyingi wanakizungumza zaidi kuliko wanavyozungumza lugha ya nyumbani. Umoja wa nchi hiyo kesho utabebwa na wajukuu hao. Bibi akinyimwa uraia, familia hiyo haizidi kuwa ya Kiingereza. Inachozidishiwa ni kumbukumbu kwamba mkubwa wao alikataliwa.

Linabaki lile la jasho: mama aliyesoma usiku baada ya zamu ya kiwanda cha nyama, akafeli, akarudi baada ya siku 60 hadi 90 kufanya upya sehemu iliyomshinda, akafaulu. Je, mama huyo hakudhulumiwa jirani yake aliposamehewa? Angedhulumiwa kama uraia ungekuwa zawadi ya idadi maalumu, ambapo anayepewa mmoja amepokonywa mwingine. Haugawiwi hivyo. Ujuzi alioupata mama yule ni wake, Kiingereza chake kinampandisha cheo kazini, na hakuna cheti cha daktari kinachoweza kumpunguzia. Kilicho cha haki kwake ni kwamba yeye pia, siku kiharusi kikimpata kabla ya kiapo, asiambiwe kwamba jasho lake lote limeisha thamani.

Madhara makubwa ya mtazamo huu ninaoupinga hayaonekani katika sheria. Yako majumbani. Familia zimeambiwa mara nyingi kwamba kuomba msaada ni ulaghai, kwa hiyo huficha. Mzee asiyesikia vizuri hupelekwa kwenye mahojiano bila kutajwa kwamba hasikii, akaitikia maswali asiyoyasikia, na afisa akaandika kwamba hajui Kiingereza. Watoto humkatalia mama yao uchunguzi wa akili wakihofia aitwe mwendawazimu, kisha humlipia ada ya maombi inayofikia dola 760, afeli mara mbili na kulipa upya. Haki ipo kwenye sheria, lakini anayestahili haiombi kwa sababu jamii yake imemfundisha kuionea haya. Hitaji la kusaidiwa linatakiwa kuelezwa mapema, kabla ya siku ya mahojiano. Daktari anatakiwa kumjua mgonjwa na kueleza jinsi ugonjwa unavyomzuia kujifunza. Na mwombaji anayeelewa Kiingereza cha kawaida akakwama kwenye maneno ya kisheria ya fomu anaweza kumwomba afisa arudie swali au aliseme kwa namna nyepesi. Yote hayo yamo ndani ya utaratibu.

Anayetaka kuutetea mtihani wa uraia kwa dhati, basi, autetee pamoja na misaada yake. Mtihani usio na misaada huwapa wapinzani wake hoja nzuri kabisa ya kuufuta, kwa kuwa unawaadhibu watu kwa uziwi, upofu na maradhi, mambo yasiyohusu utii wao kwa nchi. Kasoro inayostahili hasira ni ile miaka 15 na 20 inayodaiwa kwa watu ambao umri wao hauna miaka hiyo ya kutoa. Bunge la Marekani likiamua kuhesabu umri wa mzee badala ya umri wa kadi yake, kama Kanada na Uingereza zinavyofanya, hakuna mwanafunzi hata mmoja wa madarasa ya usiku atakayepungukiwa na kitu.